Nani Aitwe Msaliti?



Hata katika vijiji vya Ihanja, wilayani Ikungi, mbali na viwanja vikubwa vya Dar es Salaam, jioni ya mchezo wa Simba na Yanga hujulikana bila kutazama kalenda. Mwenye redio hupata wageni, mwenye televisheni hukosa mahali pa kuketi nyumbani mwake, na mzee aliyekwisha kufunga ng'ombe zizini huja kusimama nyuma ya vijana. Furaha hiyo hatuilaumu. Mchezo ni pumziko jema kwa watu waliochoka na kazi. Lakini katika mabaraza hayo limezoewa neno moja ambalo yampasa Mkristo kulipima kabla ya kulitamka, nalo ni neno "msaliti". Kwetu sisi neno hilo si jepesi. Latukumbusha Yuda na vile vipande thelathini vya fedha.

Mtakumbuka habari za Feisal Salum, kijana wa Zanzibar ambaye wengi humwita Fei Toto. Alijiunga na Yanga mwaka 2018, akapendwa mno. Mwezi wa Desemba 2022, mkataba wake ukiwa haujaisha, aliaga, akairudishia klabu shilingi milioni 112, akisema ya kwamba mkataba wenyewe ulimruhusu kujitoa kwa njia hiyo. Yanga walikataa. Mwezi wa Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, iliamua ya kwamba angali mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kipaji kikakaa bure, hata mwezi wa Juni Rais Samia Suluhu Hassan, alipowakaribisha Yanga Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, akawaomba walimalize jambo la kijana huyo. Siku chache baadaye klabu zikapatana, naye akahamia Azam.

Katika miezi ile wako waliomwita msaliti, na wako waliosema klabu ndiyo iliyomdhulumu. Sisi hatukuwekwa kuwa waamuzi wa shauri lile, nalo limekwisha. Tunalotaka kulichunguza ni mizani iliyomo mioyoni mwetu.

Maana tazameni upande wa pili. Mwezi wa Novemba 2024 Yanga waliachana na kocha Miguel Gamondi, aliyewapa ubingwa wa ligi msimu uliotangulia, baada ya kushindwa michezo miwili mfululizo. Akaja Sead Ramovic. Naye, miezi mitatu haijatimia, mwezi wa Februari 2025 akawaacha Yanga akaenda kufundisha Algeria. Na mwaka huohuo Gamondi akapokewa na klabu ya Singida. Klabu inapomwacha mtu, twasema, "Huo ni uamuzi wa uongozi." Mtu anapoiacha klabu, twasema, "Ametusaliti." Kitendo ni kimoja, lakini majina ni mawili. Kitabu cha Mithali chatufundisha ya kwamba mawe ya kupimia yasiyolingana ni chukizo kwa Bwana. Na jiwe la mwenye nguvu likiwa jepesi, la mnyonge likiwa zito, hapo hakuna haki.

Wala mashabiki wa Singida hawana haja ya kufundishwa maumivu hayo. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikashuka mwaka 2020. Mwaka 2022 wakapewa Singida Big Stars, na mwaka 2023 jina likageuka kuwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamia Babati, mkoani Manyara, na timu ya Ihefu, iliyokuwa ya watu wa Mbarali, ikahamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Wenye mali wana haki ya kupanga mali yao. Lakini yule kijana wa Mbarali aliyeimba jina la Ihefu, aliulizwa na nani? Klabu idaiyo uaminifu kutoka kwa watu nayo ina deni la uaminifu kwa watu hao.

Basi, uaminifu katika kazi ni nini? Watu wa Ikungi ni wafugaji, nao wataelewa upesi mfano wa mfugaji. Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma jinsi Yakobo alivyomtumikia Labani, mjomba wake, kwa miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake, na 6 kwa ajili ya kundi. Mchana jua lilimchoma, usiku baridi ilimnyima usingizi. Mnyama aliyeraruliwa na mwitu, hasara ilikuwa yake. Naye Labani akambadilishia ujira mara kumi. Mwisho Yakobo akaondoka kwa siri, wakati Labani alipokwenda kukata manyoya ya kondoo. Labani akamfuatia siku saba, akilalamika ya kwamba angemuaga kwa nyimbo na ngoma.

Angalieni, wapenzi. Mungu hakumwambia Yakobo abaki kwa Labani milele. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwamuru arudi kwao. Kwa hiyo kuondoka si usaliti. Uaminifu wa Yakobo ulionekana katika zile baridi za usiku, alipolilinda kundi la mtu mwingine kana kwamba ni lake. Kosa la Labani lilikuwa kuchezea ujira, na kosa la Yakobo lilikuwa kuondoka kwa kujificha. Na dawa ilikuwa nini? Walikutana uso kwa uso, kila mmoja akasema neno lake, wakarundika mawe yawe ushahidi, wakala chakula pamoja. Asubuhi Labani akawabusu wajukuu wake na binti zake, akawabariki, akarudi kwake. Waliachana, lakini hawakuachana kama adui.

Hivyo ndivyo Kanisa lifundishavyo. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alimwagiza mfanyakazi atimize kwa ukamilifu kazi aliyoikubali kwa hiari na kwa haki; na papo hapo akamwonya tajiri ya kwamba ujira usiotosha maisha ya mtu hauwi wa haki kwa sababu tu mnyonge aliukubali. Neno lishikwe na pande zote mbili. Na likiwa zito kuliko haki, lizungumzwe mchana kweupe.

Enyi wazazi wenye watoto wenye kipaji, msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Mtafuteni mtu mwaminifu ajuaye sheria, naye awasomee kila kifungu, hasa kile cha kuvunja mkataba. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 afungwe kwa zaidi ya miaka mitatu. Nazo zamruhusu mchezaji kufanya mkataba na klabu nyingine ukiwa umebaki muda usiozidi miezi sita wa mkataba wake. Mfundisheni mtoto ya kwamba sahihi yake ni neno lake, na ya kwamba siku ya kuondoka aage.

Tena tusiishie uwanjani. Nyumbani mwako yumo kijana achungaye ng'ombe, uliyemwahidi ndama mwaka ukiisha. Mjini wamo mabinti wengi wa Singida waleao watoto wa watu wengine. Akiomba nyongeza, waitwa utovu wa shukrani. Akiondoka, waitwa usaliti. Bali wewe ukimfukuza mwezi haujaisha, waitwa nini? Mtume Yakobo aandika ya kwamba ujira uliozuiliwa wapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Atakayemzomea mchezaji Jumamosi, na ajiulize kwanza Jumapili, kabla ya kukaribia meza ya Bwana, kama amemlipa aliyemtumikia.

Mwenyezi Mungu, ambaye hajavunja agano lake nasi hata mara moja, atujalie kushika neno tulilolitoa, kulipa haki tunayodaiwa, na kuagana kwa amani itupasapo kuagana. Amina.