Nyota Aliyekula kwa Shabiki

Mashabiki wa Chelsea hapa Voi mnamjua N'Golo Kanté. Septemba 2018, baada ya kuichapa Cardiff, alikosa treni London, akaenda msikitini kuswali. Shabiki mmoja akamkaribisha nyumbani. Bingwa wa dunia akaenda, akala, akacheza gemu na vijana.

Wapendwa, si ni kama Luka 19? Yesu hakumpungia Zakayo mkono akapita. Alimwita kwa jina, akaingia kwake, na wokovu ukaingia naye.

Sasa sisi wa viti vya mbele: yule mshirika aliyeacha kuja ibadani, kule Kaloleni au Sofia, nani anaijua nyumba yake? Wiki hii usimtumie ujumbe tu. Nenda, uketi, ule ugali wake. Amina.