Mjinga Katika Picha

Je, ni halali kumfundisha mtu kwa kumfanya amcheke mwenzake? Swali hili limenisumbua tangu nikiwa mwalimu kijana.

Siku moja niliwachorea wanafunzi hadithi ya picha kuhusu mazingira: mzee mwenye kaptura ya viraka anachoma nyasi, kisha mvua inachukua udongo wake. Darasa zima lilicheka. Mtoto mmoja tu aliinama. Mzee yule alifanana mno na baba yake.

Jioni nilipita shambani kwa baba huyo, hapa Mwazye. Nilimkuta akifukia nyasi chini ya udongo, akiinua matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunayaita intumba. Nyasi zikioza huwa mbolea. Elimu niliyodhani naileta ilikuwako Ufipa kabla sijazaliwa.

Siikatai katuni. Jarida la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, limewafikia vijana wengi wasiogusa kitabu. Lakini mchoraji na ajiulize kwanza: mjinga katika picha hii ni nani? Leo ningemchora mzee akifukia nyasi zake, na mwalimu kando yake, daftari mkononi, akiandika.