Shamba la Kando ya Jiji na Haki ya Kulimiliki

Shamba lenye rutuba linapouzwa kando ya jiji linalokua, vitu viwili hupita kwa hati moja: udongo, na matarajio kwamba jiji litafika hapo. Kiambu, kaunti inayopakana na Nairobi, ni mfano wa wazi. Tatu City, mji unaojengwa Ruiru, umechukua takriban ekari 5,000 za yaliyokuwa mashamba ya kahawa. Ekari moja hutoa ploti karibu nane za futi 50 kwa 100, na bei ya ploti hizo haiulizi kilo za kahawa. Swali ni kama haki ya kumiliki udongo inabeba pia haki ya kumiliki ongezeko hilo la bei.

John Locke, katika kitabu chake cha 1689, alisema mtu hupata ardhi kwa kuitia kazi yake. Hoja hiyo inamfaa aliyepanda mibuni. Haimfai aliyezungusha seng'enge akasubiri barabara. Henry George alilikazia jambo hilo mwaka 1879: thamani iliyoletwa na wingi wa watu ni ya watu, nayo irudishwe kwao kwa kodi. Kenya hutoza asilimia 15 ya faida ya mauzo ya ardhi tangu Januari 2023, kutoka asilimia 5. Kwa kipimo cha George, kiwango hicho ni kidogo sana.

Mambo ya Walawi, sura ya 25, inakwenda mbali zaidi. Ardhi ni ya Mungu, haiuzwi moja kwa moja. Kinachouzwa ni idadi ya mavuno yaliyobaki hadi mwaka wa 50, ardhi inaporudi kwa wenyewe, na bei hupungua kadiri mavuno yanavyopungua. Hata hivyo, nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ikipita mwaka bila kukombolewa hubaki kwa mnunuzi daima. Sheria hiyo ilijua shamba na ilijua mji; shamba linalogeuka mji halikutajwa. Wakikuyu nao walikuwa na mauzo ya kukomboleka, ambapo ukoo uliweza kurudisha thamani iliyotolewa na kuchukua ardhi yake. Ugawaji wa hatimiliki za mtu binafsi, ulioanza miaka ya 1950, ulifunga mlango huo.

Fikihi ya Kiislamu humpa ardhi mfu, yaani isiyolimwa wala kumilikiwa, yule anayeihuisha. Kuweka mawe ya mpaka peke yake hakutoshi: kwa kauli inayonasibishwa na Khalifa Umar, aliyeweka mawe asilime kwa miaka 3 hupoteza haki yake. Kanuni hiyo haigusi ardhi iliyonunuliwa kihalali, kwa hiyo mwenye ploti tupu hanyang'anywi kitu, ingawa mawe yake ya mpaka yanafanana mno na yale.

Wapo wanunuzi wanaowaachia majirani walime mahindi na nyasi za nepia mpaka siku ya kujenga. Udongo haulali, na hilo ni bora kuliko magugu. Lakini hoja ya Locke inapinduka: kazi ni ya mkulima, ongezeko ni la mwenye hati. Mkulima huyo yuko karibu na muhoi wa zamani wa Wakikuyu, aliyelima kwa ridhaa ya mwenye ardhi bila kuwa na dai juu yake.