Fimbo ya Haki na Mkono Uishikao

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Nasi walimu tumeifundisha methali hii miaka mingi bila kujiuliza: je, anayeifuata mila hata pale inapomdhulumu jirani yake, huyo ni huru? Swali hili lahusu siasa pia, kwani watawala hupenda kuitaja mila wanapotaka watu wanyamaze.

Tuchukue mfano wa Burundi. Huko mwamuzi wa jadi huitwa umushingantahe, yaani mtu asimikaye intahe, ile fimbo ambayo huigonga ardhini anapoamua mashauri. Jina hilo halikurithiwa. Mtu alichunguzwa na majirani zake kwa miaka, kisha akaapa hadharani kuusimamia ukweli. Lakini utawala wa kikoloni, na baadaye ule wa chama kimoja, uliwavika jina hilo watu waliowapendeza wakubwa. Fimbo ikabaki, uzito wa kiapo ukapungua. Ndipo Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulipotaka heshima ya waamuzi hao irudishwe.

Irudishwe vipi, basi? Desturi ya kale haikumpa mwanamke kiti kwa haki yake mwenyewe, bali kwa ubavu wa mumewe. Watwa nao waliachwa nje. Tuseme mjane amefika na shauri la shamba mbele ya wanaume watupu, na mdaiwa ni shemeji yake. Wazee wale ni waadilifu, hawali rushwa. Hata hivyo, kila neno lake litapimwa na watu ambao hawajapata kusimama mahali pake. Wakimjibu, "Ndivyo walivyofanya mababu," hawajaliamua shauri, wamelikimbia.

Sisi twaona kwamba mila hubeba ndani yake kipimo cha kujipimia. Ikiwa fimbo ile ni ya ukweli, basi anayemkabidhi mwanamke mwadilifu au Mtwa mwadilifu hajaivunja mila, bali ameitimiza. Na mtawala anayeisifu mila jukwaani, huku akijiteulia waamuzi wa kumpendeza, ndiye aliyeiacha.

Ndugu walimu, tutakapoirudia methali ile darasani, tusiishie kwenye maana yake. Tuwaulize wanafunzi wetu: katika shauri la mjane yule, ni nani mwacha mila?