Mzigo wa Mwenzio, Kanda la Usufi

Usufi hauchoshi mbebaji. Ni nyuzi nyeupe zinazofumuka kwenye tunda la msufi likishakauka, nyepesi kiasi kwamba upepo ukipita huondoka nazo, na watu wa pwani wamezijaza kwenye mito na magodoro vizazi na vizazi. Kanda la ukindu likishindiliwa usufi hutuna likawa kubwa, lakini hata mtoto hulinyanyua. Hapo ndipo wahenga walipoichukua methali yao: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Darasani methali hii hufafanuliwa upesi: usidharau shida ya mwenzako. Ni kweli, ila ndani yake mna jambo jingine. Jicho huona ukubwa wa mzigo, rangi yake na kamba iliyoufunga, uzito halioni. Uzito hujulikana na shingo, mgongo na magoti ya aliyeubeba. Kwa hiyo anayetazama hukosea kipimo hata akiwa na moyo mwema, na ataendelea kukosea maadamu amesimama pale aliposimama.

Ichukue methali hiyo hadi Masieda, kata ya wilaya ya Mbulu, katika mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Hii ni nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji, wenye majirani Wadatoga, na upande wa bonde la Yaeda wako Wahadzabe. Msufi wa pwani uko mbali na huku. Lakini mizigo ipo, na kiangazi huiongeza. Dumu moja la maji la lita 20 lina kilo 20, kabla hujahesabu dumu lenyewe. Mwenye punda hupanga madumu mawili kila upande, akavuta kamba chini ya tumbo la mnyama, akamchapa taratibu. Asiye na punda hubeba mwenyewe. Anayepita njiani kwa pikipiki ataona foleni ya madumu ya njano na kina mama wanaozungumza wakingoja zamu, apige honi, apite. Ameona kanda la usufi.

Na hiyo ni mizigo inayoonekana. Kuna mama aliyezika mtoto na bado anaamka kukamua. Kuna baba mwenye deni la mbegu ambaye mahindi yake yamekauka yakiwa yamefika kiunoni. Kuna kijana aliyefanya jambo baya usiku mmoja na hajamwambia mtu. Yupo mwenye kifafa aliyefichwa chumba cha nyuma. Mizigo hii haina kamba wala rangi, na ndiyo inayowafanya watu wafike kanisani Jumapili wamenyooka, wakaimba vizuri, wakarudi nayo nyumbani vilevile.

Waswahili wana msemo mwingine unaokaa jirani na methali hii: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Msemo huo una historia nzito nyuma yake. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi, kwa miezi. Walisifiwa kuliko wapagazi wote. Sifa hizo hazikumpunguzia hata mmoja wao kilo moja. Makanisani kwetu sifa ya namna hiyo ipo hadi leo. Mjane anayelea watoto sita huambiwa kuwa ni jasiri, kuwa Mungu amempa mabega. Akishaitwa jasiri, kwa nani atasema amechoka?

Yesu wa Nazareti aliwajua vizuri watu wa kanda la usufi. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, anawashutumu walimu wa dini wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, ilhali wao wenyewe hawako tayari kuigusa hata kwa kidole. Kosa analolitaja ni lile la methali: kuupangia uzito mgongo usio wako. Sheria ilipotamkwa na aliyekaa kwenye kiti ilionekana nyepesi. Ilipofika kwa mvuvi wa Kapernaumu ilikuwa jiwe.

Ukishaisoma sura hiyo, mwaliko wa sura ya 11 unasikika upya. Pale Yesu anawaita wote wanaosumbuka na kulemewa waje kwake, naye anawaahidi pumziko. Jambo la kushangaza ni chombo anachowapa. Hawapi kitanda wala kivuli. Anawapa nira, na kuwahakikishia kuwa nira yake haiumizi na mzigo wake hauelemei. Msikilizaji wa mjini anaweza kulipita neno hilo. Wa Masieda hawezi, kwa sababu nira anayo, imeegemea ukuta wa zizi.

Anaijua kwa mkono. Mti wake lazima uwe mgumu lakini usiwe mzito mno, na pale unapokaa juu ya shingo za ng'ombe panapaswa kulainishwa, la sivyo siku ya tatu ya kulima maksai wana vidonda na hawatatembea. Mtu hafungi nira kwa mnyama mmoja akategemea mtaro ulionyooka. Na anapomfundisha dume changa, humfunga pamoja na mkongwe aliyezoea plau. Siku za kwanza mchanga hurusha kichwa, huvuta kando, hujichosha bure. Mkongwe anatembea tu. Baada ya muda mchanga huacha kupigana na mti na kuanza kufuata hatua za mwenzake. Plau ni ileile na udongo ni uleule, lakini jioni harudi amechoka kama jana.

Kwa mkulima wa Mbulu, basi, pumziko linaloahidiwa halina maana ya kuacha kazi. Maji yatachotwa kesho, na palizi itakuja. Kinachobadilika ni nani yuko chini ya mti pamoja naye. Imani ya Kikristo inadai jambo ambalo methali haikuthubutu kulitarajia: kwamba Mungu mwenyewe hakubaki mtazamaji. Alichukua mwili, akachoka njiani hadi akakaa kando ya kisima huko Samaria mchana wa jua kali akamwomba maji mwanamke aliyekuja kuteka. Alilia kaburini kwa rafiki. Usiku wa Gethsemane aliwaomba wanafunzi watatu wakeshe naye, wakalala. Huyo anajua kilo za mzigo.

Jambo moja kwenye hadithi hiyo halihubiriwi vya kutosha. Njiani kuelekea Golgotha, askari walimkamata mtu aliyekuwa akitoka shamba, Simoni wa Kirene, mtu aliyetoka Afrika, katika nchi tunayoiita Libya leo, wakamtwika msalaba. Marko anataja hata majina ya wanawe, Aleksanda na Rufo. Mwokozi anayewaita waliolemewa naye alisaidiwa mzigo, na aliyemsaidia alikuwa mtu baki aliyetoka shamba. Kama yeye alihitaji bega la mtu, hakuna muumini anayepaswa kuona aibu kulihitaji.

Hadithi hiyo ilipofika Mbulu iliwakuta watu wa sala; Wairaqw hawakusubiri wamisionari ndipo waanze kuomba amani. Walimjua Looaa, Mungu wanayemtaja pamoja na jua na kumwita mama, na wazee wao walikuwa na slufay, sala ndefu ya baraka ambayo mmoja huisema na kundi humwitikia, wakiomba mvua, mifugo, uzazi na maelewano ya nchi. Sala ile husemwa mbele ya watu, kwa ajili ya watu. Lakini jamii hiyohiyo ilikuwa na desturi ya kuwatenga waliopatwa na msiba wa aina fulani. Kifo ndani ya nyumba au mimba iliyoharibika vilihesabiwa kuwa na najisi inayoweza kuwaletea wengine balaa, na waliokumbwa walikaa peke yao miezi mingi, wasile na jirani wala kuchota naye maji. Desturi hiyo ilikuwa na sababu zake: walitaka kuilinda nchi nzima. Hata hivyo mwenye mzigo mzito kuliko wote ndiye aliyebaki bila mtu wa kukaa naye.

Makanisa yalipoenea, utengo huo ulipungua mwaka hadi mwaka. Kwa upande wa Wakatoliki walifanya kazi Wapalotini, miongoni mwa wengine, na Mbulu ikawa jimbo mwaka 1953; Walutheri wa Norwei walifungua hospitali Haydom mwaka 1955. Yapo mengi ya kuwakosoa wamisionari, ikiwemo haraka yao ya kudharau yaliyokuwepo. Lakini kuingia nyumba ya mfiwa, kula ugali wake na kuketi kwenye mkeka wake ni ushindi mkubwa wa Injili katika nyanda hizi, na unastahili kutajwa kabla ya majengo na kengele.

Nyanda hizi zilijaribiwa vikali Jumapili ya Desemba 3, 2023. Asubuhi hiyo, iliyokuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, uliachia tope, mawe na magogo baada ya mvua kubwa. Vikateremka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Waliokufa walizidi 80. Familia zilizokuwa zimepanga kwenda ibadani zilitumia siku hiyo kufukua kwa majembe na mikono. Serikali baadaye ilijenga nyumba mpya eneo la Waret kwa waliopoteza makazi.

Mtu akiulizwa siku kama ile Mungu yuko wapi, jibu la haraka ni kanda la usufi jingine. Kumwambia aliyempoteza mke na watoto kuwa ni mapenzi ya Mungu, kabla hata tope halijakauka miguuni mwake, ni kumtwika jiwe la pili juu ya la kwanza. Rafiki zake Ayubu walifanya vyema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Watu wa Manyara wanajua kuketi hivyo. Wanaleta kuni, wanaleta unga, wanalala nje ya nyumba ya msiba. Kukaa huko ni mahubiri, na pengine ndiyo mahubiri pekee ambayo aliyefiwa anaweza kuyasikia wiki ya kwanza.

Biblia yenyewe ina mpangilio huo. Nabii Eliya alipokimbilia jangwani akaomba afe, akalala chini ya mretemu. Malaika aliyetumwa hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Pumziko la roho linapitia tumboni na usingizini pia, na anayemwombea mgonjwa wa akili huku akimzuia kwenda Haydom kupata dawa amemwelewa vibaya huyo malaika.

Upo mzigo mwingine ambao hospitali haiutui, nao ni hatia. Hapa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kufika Uganda, Kenya na Tanganyika, ulifundisha kitu cha thamani. Watu walisimama mbele ya wenzao wakayataja waliyoyafanya: wizi, chuki, uzinzi. Wakarudisha vitu. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa kiroho na uamsho huo. Dhambi iliyosemwa na kusamehewa hupoteza uzito wake mkubwa, ambao ni siri. Ni lazima pia isemwe kuwa katika baadhi ya vikundi toba iligeuka kipimo, na aliyeungama akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni. Hapo watazamaji walikuwa wamerudi.

Amri ya Sabato nayo inawagusa watu wa Masieda kwa karibu kuliko wanavyodhani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inaorodhesha wanaopaswa kupumzika: mwana, binti, mtumwa, mgeni, ng'ombe, hata punda. Sababu inayotolewa ni kwamba Israeli walikuwa watumwa Misri, nao wanajua kazi isiyo na kikomo. Sasa tazama Jumapili ya kawaida kijijini. Baba amevaa koti, yuko kwenye benchi la mbele. Mama aliamka gizani akachota maji, akapika, akawaogesha watoto, akawahi ibada, na akirudi jiko linamngoja. Punda wa Torati ana haki ambayo mama huyu hajapewa. Kanisa likimhubiria pumziko bila kuligusa dumu lake, limemhubiria nusu.

Paulo, akiwaandikia Wagalatia, sura ya 6, anaweka maneno mawili karibukaribu yanayoonekana kupingana: wabebeane mizigo, na kila mmoja atauchukua wake mwenyewe. Mkulima haoni ugumu hapo. Shamba ni la kila mtu, na atalijibia mwenyewe. Lakini siku ya kulima watu huazimana ng'ombe. Imani ya mtu, toba yake na kifo chake ni vyake. Palizi, ada ya shule, usiku wa kukesha na mgonjwa na safari ya Haydom vinaweza kupangiwa zamu.

Zamu hizo zina mahali pa kupangwa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, zile zinazokutana nyumba kwa nyumba. Walutheri na Wapentekoste wana vikundi vyao vya nyumbani. Matanga yakishaanuliwa na wageni wakaondoka, mjane hubaki na shamba, na mvua za kwanza zikinyesha anachohitaji ni jozi ya maksai kwa siku mbili na kijana wa kuishika plau. Jumuiya inayokutana nyumbani kwake juma hilo inaweza kuuliza nani ana ng'ombe, nani ana minyororo na nani atakuja alfajiri, ikayaandika majina kabla ya sala ya kufunga.