Nyumba ya Baba na Undugu wa Watoto



Mwezi wa Novemba Kanisa hutuita tuwakumbuke marehemu wetu. Katika Mkoa wa Mara, kama ilivyo mahali pengi nchini, wazazi huzikwa nyumbani. Kwa hiyo watoto walioko Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko hufunga safari kwenda kupalilia kaburi la baba, karibu na nyumba walimozaliwa. Ni desturi njema. Lakini yako makaburi yaliyoota majani hali watoto wangali hai, kwa sababu wanashitakiana juu ya nyumba ile, wala hakuna anayethubutu kukanyaga ua akamkuta mwenziwe.

Tuchukue mfano. Tuseme mji huo uko Bugwema, katika Wilaya ya Musoma. Baba alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Mtoto wa kwanza alikwenda mjini kutafuta kazi, naye ndiye aliyeleta fedha za bati. Kitinda mimba alibaki: alilima, alichunga ng'ombe, na baba alipougua ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Binti aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwao na watoto wawili. Mama yu hai, naye angali analala katika chumba kilekile. Baba alikufa bila wosia.

Hata matanga hayajaondolewa, maneno yameanza. Mkubwa asema, "Bati ni langu." Mdogo asema, "Jasho ni langu." Binti akifungua kinywa huambiwa kwamba yeye ni wa kwa watu. Basi tuangalie vizuri: mkubwa hasemi uongo, wala mdogo hasemi uongo, na binti naye ni damu ya baba yule yule. Ugumu wa mashauri haya ndio huo. Si mara nyingi mwizi apambanapo na mwenye mali. Mara nyingi ni haki ndogo mbili au tatu zinazopigana, na kila mwenye haki yake ndogo aidai nyumba nzima. Na mama, ambaye ndiye mwenye kukaa humo, hakuna amwulizaye neno.

Mwinjili Luka, katika sura ya 12, atusimulia habari ya mtu aliyemwendea Bwana wetu Yesu Kristu akimtaka amwamuru ndugu yake agawe urithi. Bwana alikataa kuwa mgawaji wao. Je, alidharau haki? Hasha! Aliwaonya wajihadhari na choyo, kisha akawapa mfano wa tajiri mwenye ghala kubwa aliyekufa usiku ule ule. Maana yake ni wazi. Hakimu aweza kugawa vyumba, lakini hawezi kuondoa choyo moyoni. Choyo kikibaki, hata hukumu iwe ya haki namna gani, ndugu watatoka barazani wakiwa maadui kuliko walivyoingia.

Wengine watauliza: Basi je, ni dhambi Mkristu kwenda mahakamani? Mtume Paulo aliwakemea vikali Wakorintho kwa kushitakiana ndugu kwa ndugu. Hata hivyo, mtu aliyenyimwa haki yake, na wazee wa ukoo wakakataa kumsikiliza, hatendi dhambi akitafuta ulinzi wa sheria. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua shauri la mama mmoja wa upande wa Bukoba. Alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mtu wa ukoo wake akamshitaki akidai kwamba mwanamke hana ruhusa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ilibatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Basi ndugu wanaomfukuza dada yao kwa kisingizio cha mila wasidhani kwamba Mungu au serikali iko upande wao.

Lakini kutafuta haki ni jambo moja, na kutafuta kumwangamiza ndugu ni jambo jingine. Shauri la ardhi laweza kuanza kijijini, likapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, hata Mahakama ya Rufani. Katika kila ngazi zatakiwa nauli, karatasi na siku za kazi. Leo ng'ombe mmoja auzwa, kesho wa pili, na nyumba inayogombewa inavuja bila mtu wa kuiezeka. Wahenga walisema: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ole wao waligeuzao ugomvi wa siku moja kuwa kazi ya maisha.

Basi tufanyeje? Kwanza, ninyi akina baba, andikeni wosia mngali na nguvu. Kuandika wosia si kujiitia kifo. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 hukubali hata wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mtajeni mama, mtajeni binti, semeni ni nani aliyeleta bati na ni nani aliyewauguza.

Pili, wewe uliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, kumbuka kwamba msimamizi si mmiliki. Unatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali, na baadaye hesabu ya jinsi ulivyoigawa. Anayetumia barua ya usimamizi kujitajirisha avunja Amri ya Saba na ya Nne kwa pamoja.

Tatu, ninyi ndugu, kaeni mkutano kabla ya kupeleka mashtaka. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi. Kazi yake ni kupatanisha. Itumieni nafasi hiyo kwa moyo mweupe. Mama akae nyumbani mwake hadi Mungu atakapomwita. Aliyeleta bati na aliyeuguza, wote wawili wahesabiwe. Dada apate fungu lake bila kuomba kama maskini mlangoni. Na mkubwa amtazame Abrahamu: yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini wachungaji walipogombana alimwachia Lutu achague kwanza. Lutu alichukua bonde lenye maji, na Abrahamu hakupungukiwa na kitu.

Mwaka 387 Mtakatifu Monika alikuwa mgonjwa huko Ostia, mbali na kwao Afrika. Mmoja wa wanawe alitamani mama afie nyumbani. Monika aliwaambia wauzike mwili wake popote. Aliloomba ni kwamba wamkumbuke altareni. Hilo ndilo fungu wazazi wetu wanalotudai mwezi huu. Nasi twajua agizo la Bwana: aliye na jambo na ndugu yake aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane naye kwanza. Basi wewe uliyekwisha kuandika jina la baba kwenye orodha ya marehemu, kabla hujaipeleka bahasha hiyo kanisani, piga hodi kwa ndugu yako. Nendeni pamoja mkapalilie kaburi.