Kujitolea kwa Mwalimu wa Ufundi na Kocha wa Mbio

Mwalimu wa ufundi ambaye pia ni kocha wa mbio anaishi ndani ya ratiba mbili. Ya kwanza imebandikwa ukutani katika ofisi ya walimu: kupima na kuchora, kuunga mbao, nyaya za umeme, kompyuta. Kwa ratiba hiyo analipwa na kwayo anakaguliwa. Ya pili haijaandikwa popote. Huanza saa kumi na moja alfajiri, wanafunzi wakiwa barabarani kabla ya uji, na hurudi jioni baada ya kengele ya mwisho; Jumamosi huliwa na safari za mashindano. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, kutoka Kapsabet hadi Iten, mwalimu wa namna hii ni wa kawaida mno hata hakuna anayeuliza ratiba ya pili inalipiwa na nani. Inaitwa kujitolea, na mazungumzo huishia hapo.

Fasili ya kujitolea haina ugomvi: ni kutoa muda, nguvu au mali kwa hiari pasipo kudai malipo. Mwanafalsafa Mwingereza J. O. Urmson, katika makala yake ya 1958 kuhusu watakatifu na mashujaa, alionyesha kwamba kuna matendo mema yaliyo juu ya wajibu. Anayeyatenda anastahili sifa, asiyeyatenda hana hatia, na hakuna mwenye haki ya kumdai mwenzake ayatende. Hayo yanatosha kuanzia. Tatizo halimo katika fasili bali katika jinsi tendo linavyobadilika pale taasisi inapoanza kulitegemea kama fungu la bajeti.

Mfano wa karibu ni mgomo wa walimu wanagenzi wa sekondari msingi nchini Kenya mwaka 2024. Walimu hao walikuwa wamefuzu na kusajiliwa, tena walifundisha vipindi kamili, lakini walilipwa posho ya takriban shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili mwaka huo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kumwajiri mwalimu aliyefuzu kama mwanagenzi ni kinyume cha sheria. Mwezi Mei wengi wao waliacha madarasa. Mwaka huohuo masomo ya ngazi hiyo yalipunguzwa kwa kuunganishwa: ufundi wa awali ukameza kompyuta na biashara, na sanaa bunifu ikafungwa pamoja na michezo. Katika shule yenye mwalimu mmoja au wawili tu wa sekondari msingi, maana yake ni kwamba mtu yuleyule wa posho alitakiwa kufundisha msumeno na kibodi asubuhi, kisha awe kocha jioni. Mwanzoni mwa 2025 wanagenzi hao walihamishiwa kwenye ajira ya kudumu, na nafasi zilezile za unagenzi zikatangazwa kwa wengine wapya.

Katika mabishano ya miezi ile kulikuwa na pingamizi za heshima dhidi ya kuwalipa kikamilifu. Moja ni kwamba serikali yenye madeni haiwezi kuajiri wote kwa mara moja, na hilo ni kweli kwa kiasi chake. Nyingine ni kwamba kila taaluma ina kipindi cha kujifunza kazi kwa malipo madogo. Ya tatu ni kwamba kocha naye hufaidika kwa jina na heshima, hasa anapotoa bingwa. Zote zinaweza kujadiliwa na watu wazima kwa takwimu mkononi.

Pingamizi iliyovuma zaidi ni nyingine: kwamba ualimu ni wito, na mwalimu wa kweli hahesabu shilingi. Husemwa kwenye mazishi ya walimu, kwenye hafla za kustaafu na kwenye mikutano ya hadhara, kwa kawaida na mtu ambaye mshahara wake haujawahi kuchelewa. Inastahili kufuatiliwa hatua kwa hatua, kwa sababu ina mvuto wa haki na ndani yake hakuna haki.

Kwanza, ushahidi wake. Mtu anayetajwa daima ni Bruda Colm O'Connell, aliyefika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha. Alianza kwa kumsaidia Peter Foster, mwalimu kijana Mwingereza aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi mbio, na Foster alipoondoka kazi ikabaki mikononi mwake. Kutoka shuleni hapo walitoka Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York mwaka 1987, na Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988. Miaka mingi baadaye O'Connell ndiye aliyekuwa kocha wa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London ya 2012. Ni maisha ya kujitolea kwa kipimo chochote. Lakini O'Connell ni mtawa wa shirika la Patrician. Mtawa ameweka nadhiri ya ufukara, na kwa upande wake shirika limechukua dhamana ya chakula, malazi, matibabu na uzee wake. Hana karo ya mtoto. Hana mama mkwe hospitalini. Kumchukua mtu huyo na kumweka kuwa kielelezo kwa kijana mwenye mke, watoto wawili na chumba cha kupanga ni kuacha nusu ya hesabu nje ya ubao.

Kielelezo cha pili hutajwa tangu 2019, Peter Tabichi aliposhinda tuzo ya kimataifa ya ualimu ya dola milioni moja. Alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, na aliwahimiza wanafunzi wake kubuni vifaa vya kisayansi ndani ya shule iliyokuwa na kompyuta moja tu. Iliripotiwa kote kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wahitaji. Naye ni mtawa, wa shirika la Wafransisko. Zaidi ya hayo, ili mtu atoe asilimia 80 ya mshahara sharti kwanza awe ameupokea. Sadaka yake inathibitisha kinyume cha kile inachotajiwa: ilikuwa yake kuitoa kwa sababu ilikuwa imelipwa.

Pili, mantiki yake. Anayesema ualimu ni wito anadai mambo mawili ambayo Urmson alikwisha kuyatenganisha. Anamsifu mwalimu kwa kutoa kisichodaiwa, kisha anamlaumu asipokitoa. Kama saa za alfajiri uwanjani ni wajibu, basi zinadaiwa, na kinachodaiwa kazini hulipwa. Kama ni zawadi, basi mwalimu akilala hadi saa kumi na mbili hajamkosea mtu. Msemaji wa wito hataki kuchagua mojawapo. Anataka kupokea zawadi akiwa na risiti ya mdai. Na ndipo hiari inapokufa. Mwalimu anayejua kwamba akiacha kuwapeleka watoto mashindanoni jina lake litaandikwa vibaya kwenye ripoti ya mwalimu mkuu haendi kwa hiari, hata kama anaipenda riadha kuliko usingizi.

Tatu, wito huu una masikio ya kuchagua. Mbunge pia husema ameitwa na wananchi, na posho za vikao hazijapungua kwa sababu hiyo. Daktari bingwa ameitwa, rubani ameipenda anga tangu utotoni. Hakuna anayewaambia kwamba mapenzi ya kazi ni sehemu ya mshahara. Hoja hii humshukia mwalimu, muuguzi na mhudumu wa afya ya jamii, yaani watu ambao kazi yao ikisimama mtoto au mgonjwa huumia kabla ya mwajiri. Nguvu yake yote inatoka kwenye huruma ya anayeambiwa. Upande wa pili wa mpaka mambo hayatofautiani sana: nchini Tanzania wahitimu wa ualimu wasio na ajira hufundisha katika shule za umma kwa jina la kujitolea, na posho yao mara nyingi hutokana na michango ya wazazi.

Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika kuhusu zawadi mwaka 1925, alishikilia kwamba hakuna zawadi isiyozaa deni la kurudisha. Kwa kocha wa shule deni hilo halina pa kupitia. Katika soka, mchezaji akiuzwa kimataifa kabla ya mkataba wake kwisha, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Riadha haina ada ya uhamisho. Mwaka 2024 Shirikisho la Riadha Duniani liliwalipa washindi wa dhahabu wa Paris dola 50,000 kwa kila dhahabu, na hakuna sehemu ya fedha hizo iliyotengwa kwa mtu aliyemwona mshindi akiwa na miaka 14, akikimbia peku kurudi nyumbani. Hurudi shukrani: mbuzi wakati wa Krismasi, jezi iliyosainiwa, jina kutajwa redioni. Kuzidharau itakuwa kosa, na kuzihesabu kuwa malipo ni kosa jingine.

Hata hivyo mpaka kati ya ratiba mbili si safi kama hoja iliyotangulia inavyotaka uwe, na uwanja wenyewe unaonyesha hivyo. Uwanja wa kawaida wa mita 400 una sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja, na kona mbili zenye nusukipenyo cha mita 36.5. Mkimbiaji hakanyagi ukingo. Njia yake hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo huo, hivyo kona zake huchorwa kwa nusukipenyo cha mita 36.8. Mara mbili ya pai mara 36.8 ni mita 231.22, ukijumlisha sehemu zilizonyooka, mita 168.78, unapata 400 kamili. Mwalimu wa ufundi mwenye vigingi, kamba na majivu anaweza kuuchora uwanja huo juu ya nyasi za malisho. Kamba ya katani haifai, kwa kuwa hunyumbuka: ikizidi sentimita 10 tu, kila mzunguko unaongezeka sentimita 63 hivi, na katika mita 1500 kosa hilo ni zaidi ya mita mbili. Waya ni bora.

Kisha kuna suala la mahali pa kuanzia, ambalo kila mwaka huzua kelele kwa watoto wapya. Katika mbio za mita 400 mkimbiaji wa leni ya pili husogezwa mbele mita 7.04, na kila leni inayofuata huongezwa takriban mita 7.67, hivi kwamba wa leni ya nane husimama mita 53 mbele ya wa kwanza. Anayetazama mstari wa kuanzia pekee ataapa kuwa kuna upendeleo. Mtoto anayeshika kamba na kupima kona mwenyewe hubishana kwa dakika chache, kisha hunyamaza na kuanza kukokotoa. Ni somo zuri la haki kuliko mengi yaliyomo vitabuni: tofauti ya mwanzo imewekwa ili umbali uwe sawa, na asiyeijua njia yote hana msingi wa kuihukumu. Saa nayo ina somo lake. Wakati Filbert Bayi wa Tanzania alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, Februari 1974, mtambo ulisoma dakika 3 na sekunde 32.16, lakini rekodi iliandikwa 3:32.2 kwa sababu kanuni za wakati ule zilitaka sehemu za kumi, na kupandisha juu. Mwalimu anayeweza kueleza kwa nini sehemu hizo nne za mia za sekunde ziliongezeka karatasini anafundisha vipimo, historia na mbio kwa pamoja.

Somo hilo la kamba na vigingi ni la ratiba ipi? Limo katika mtaala wa ufundi, lakini lilifanyika jioni, uwanjani, kwa ajili ya mbio. Huenda ndilo somo bora la muhula mzima. Anayetaka kulipa saa za kazi pekee hataliona, na anayesema ni wito atalisifu bila kujua lina nini ndani.

Jibu linaloonekana karibu ni kuziingiza saa za ukocha katika mkataba. Mtaala mpya wa Kenya umefungua mlango, kwa kuwa sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, na mbio zinaweza kuwa kipindi chenye mwalimu anayelipwa. Lakini kilichoandikwa kwenye mkataba huweza pia kuamriwa. Kipindi cha mbio kinaweza kupewa mtu asiyejali mbio, kwa sababu tu ratiba yake ina nafasi. Anayezipenda anaweza kuambiwa awafundishe wale walioandikishwa katika mkondo huo tu, huku mtoto wa mkondo wa sayansi mwenye miguu mepesi akitazama kutoka kwenye ua. Uhuru wa kuchagua nani aamke na nani alale, siku gani ni ya vilima na siku gani ni ya kupumzika, ni sehemu ya kile kocha alichokuwa nacho alipokuwa halipwi.

Ugumu huohuo huonekana wakati wa uhamisho. Barua ya uhamisho humtaka mwalimu akabidhi funguo za karakana, daftari la zana na alama za wanafunzi. Haina mahali pa wakimbiaji kumi na wawili walio katikati ya mazoezi ya msimu. Shule inaweza kupata mwalimu mwingine wa ufundi kabla ya muhula kwisha. Kocha ni bahati. Kwa mujibu wa hoja ya zawadi, anayeondoka hadaiwi kitu, kwa sababu alichotoa hakikuwa cha kudaiwa. Wakimbiaji wenyewe, walioamka alfajiri miaka miwili kwa neno lake, hawaoni hivyo, na si rahisi kuwaambia kwamba wamekosea.